Pokea kwa Mikono Miwili

Bomba la kiwanda lilipofunguliwa, watoto wa darasa la nne hawakusubiri kuambiwa. Walivuta kola za mashati na sweta juu ya pua, wakaendelea kujumlisha na kutoa. Aliyekuwa ubaoni aliandika kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kola. Madirisha ya upande wa mto yalizibwa kwa magunia zamani, lakini harufu ile haikuwahi kuheshimu gunia. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyooza na dawa za kuilainishia, na iliingia mdomoni kabla ya kuingia puani, hata mtu akimeza mate anaimeza na yenyewe.

Madamu Mdogo peke yake ndiye aliyekohoa.

"Utazoea, Madamu," alisema Pengo kutoka dawati la mbele, sauti yake ikitokea ndani ya sweta. "Mwalimu wa kabla yako alizoea. Halafu akahama."

Darasa likacheka. Yalionekana macho tu.

Walimwita Madamu Mdogo kwa sababu hakuwa madamu kamili. Alikuwa mwanachuo, ameletwa kwa mazoezi ya kufundisha, na hii ilikuwa mara yake ya pili. Mara ya kwanza mkufunzi alikaa nyuma ya darasa akimtazama anavyohangaika na ubao, kisha akamwambia mbele ya wanafunzi: "Unaongea vizuri, lakini huna zana. Mwalimu asiye na zana ni redio." Akamwangusha. Baada ya hapo aliishi kwa dada yake, akifua, akipika, akibeba mtoto wa dada mgongoni, na wageni wakija shemeji yake alikuwa na mzaha wake uleule: "Huyu anasomea ualimu. Au ni urubani, shemeji? Maana mwaka wa ngapi huu hatujakuona ukitua." Chuo nacho kilishasema: akianguka tena, asirudi.

Kwa hiyo alitaka zana. Somo alilopangiwa siku ya kukaguliwa lilikuwa utunzaji wa mazingira, na shule ilikuwa na kabati zima la vishikwambi.

Vilikuwa zawadi ya kiwanda cha ngozi, kilekile chenye bomba. Vilikaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, kila kimoja ndani ya nailoni yake kama kilivyotoka dukani. Kila Ijumaa watoto wawili wenye mikono safi waliitwa kuvifuta vumbi, juu ya nailoni. Wageni wakija viligawiwa madawatini, na watoto wakapitisha vidole juu ya vioo vilivyozimika, kulia, kushoto, kulia, kama walivyozoezwa. Wageni wakiondoka, navyo vilirudi kabatini.

"Unakitakia nini?" Mwalimu Mkuu alimuuliza, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Cha kufundishia, Mwalimu."

"Vile si vya kufundishia, binti yangu. Vile ni vya wageni."

"Na mkufunzi naye si mgeni?"

Njiti ikasimama. Kisha Mwalimu Mkuu akacheka mpaka tumbo likagusa meza. "Una mdomo wewe! Haya. Na siku hiyohiyo bosi wa kiwanda anatutembelea, nitamleta akuone. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akafungua kabati, akakitoa kimoja kwa ncha za vidole. "Ila nailoni usibandue. Umenisikia? Wakikuta imebanduliwa watasema tumekichakaza."

"Nimesikia, Mwalimu."

Aliishika ahadi mpaka alipojaribu kupiga picha. Kupitia nailoni, kila kitu kilionekana kama kimechemshwa. Alikuwa kwa kinyozi, alikokuwa anakichaji, na kinyozi ndiye aliyemwambia, mashine ikinguruma kichwani mwa mteja: "Dada, umekivalisha koti la mvua halafu unataka kione?" Akaichokoa pembeni kwa ukucha. Ilipobanduka ilijikunja yenyewe, haikukubali kurudi. Aliiweka kwenye mkoba, kama mtu anayetunza ganda ili aje alirudishie yai.

Asubuhi iliyofuata aliwapeleka watoto mtoni. "Kila mmoja apige picha moja tu," aliwaambia. "Kitu unachokiona kila siku."

Hakuwahi kuwaona hivyo. Walewale waliokuwa wakisinzia kwenye hesabu waligombania zamu kama wagawiwao peremende. Mmoja alipiga povu lililokwama kwenye mizizi. Mwingine mbuzi aliyelowa miguu mpaka magotini, manyoya yamenyonyoka hapo maji yalipoishia. Mmoja alipiga matundu ya pua ya rafiki yake, akafukuzwa kwenye foleni. Pengo aliwaacha wote wamalize. Alivuka tope kwa viatu vyake vilivyokatwa mbele ili vidole vipate nafasi; vidole vyenyewe vilikuwa vimebabuka katikati, vyekundu, kwa kuvuka mto huo kwenda na kurudi. Akapotelea kwenye kona, kwenye bomba.

"Nimempata, Madamu!" alirudi akipiga kelele.

Pichani alikuwepo mwanamume aliyevaa buti za mpira, mikono yote miwili kwenye gurudumu la koki, shingo ameigeuza, anamchekea aliyemwita. Chini yake maji ya rangi ya shaba iliyochakaa yalitoka kwa nguvu.

"Baba yangu huyo," Pengo aliwaambia wenzake. "Yeye ndiye mwenye bomba. Akisema yatoke, yanatoka. Akisema yakae, yanakaa."

"Kama bosi," mtu akasema.

"Bosi wapi! Bosi hajui hata linafungukia upande gani."

Madamu Mdogo alicheka nao. Alijua hakuna picha iliyoishinda ile. Mchana alirudi kwa kinyozi kuongeza chaji, na kinyozi akamfungulia mtandao wake ili atafute picha za mto safi, watoto walinganishe. Jioni kabla ya kufunga darasa alikuwa ameshaandika kwenye andalio la somo: zana ya kwanza, picha ya bomba.

Alikuwa akifagia vumbi la chaki alipoona buti za mpira zimepangwa nje ya mlango. Mwenyewe alisimama kizingitini na soksi tu.

"Shikamoo, mzee. Karibu ndani."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ni baba yake yule asiye na meno." Hakuingia. "Mtoto ananiambia kesho nitaonyeshwa kwa wageni."

"Picha ni nzuri sana, mzee."

"Ni nzuri. Ubaya ni kwamba lile bomba halipo."

"Halipo vipi? Mimi nimeliona."

"Lipo, lakini halipo. Wakaguzi wakija tunalifunika kwa majani, tunasimama mbele yake tunavuta sigara. Maji yote yanakwenda kwenye bwawa la kusafishia, ndivyo bango la getini linavyosema. Na bwawa limejaa tangu sijaoa."

"Nani basi anakwambia ufungue?"

"Msimamizi. Na hasemi, mwalimu. Angesema ningekuwa na la kushika. Ananitazama tu, anafanya hivi." Akainua kidevu, kidogo sana, kama anayemwonyesha mtu kiti. "Kidevu hakikupigwa picha. Nimepigwa mimi."

Madamu Mdogo alisimama na ufagio mkononi. Kichwani alimwona mkufunzi na kalamu yake. Alimsikia shemeji. Kisha akakitoa kishikwambi, akasogea mlangoni ili mzee aone mwenyewe, akaitafuta picha, akaifuta.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Mzee alikiinamia kioo, akakigusa kwa kidole kama anayejaribu kama chai imepoa. "Mungu akupe hicho cheti chako," alisema, akakaa chini kuvaa buti.

Kwenye andalio la somo alikata neno bomba, akaandika mbuzi.

Kesho yake Mwalimu Mkuu alimngoja getini, ndani ya koti lililombana mabega. "Umebandua nailoni," alisema.

"Naomba unisamehe, Mwalimu, ilikuwa..."

"Acha hayo! Bosi amefurahi mno. Alinipigia mwenyewe jana jioni. Picha zenu ameziona zote."

"Ameziona wapi? Si ninacho mimi?"

"Vilipoletwa, fundi wao aliviunganisha na ofisi yao. Ukipiga picha huku, kikishika mtandao tu, kule nao wanaipata. Ili wajue vinatumika."

Alikumbuka mtandao wa kinyozi. "Na ukifuta?"

"Unafuta ya kwako. Ya kwao utaifutaje?"

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

Mwalimu Mkuu alimshangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Ningekwambiaje? Hakuna aliyewahi kupiga picha."

Alikimbia mpaka kwenye kona ya mto. Penye koki hapakuwa na mtu. Akarudi, kwa sababu kengele ilikuwa imelia na mkufunzi alikuwa ameshakaa nyuma ya darasa.

Alifundisha. Mdomo ulijua la kufanya bila yeye. Watoto walisema mbuzi amenyonyoka kwa nini, povu linatoka wapi, samaki walikwenda wapi, na mkufunzi aliandika bila kuinua kichwa, jambo ambalo kwa mkufunzi yule lilikuwa dalili njema. Ndipo Meneja wa kiwanda, yule bosi, akaingia, mtu mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Nyuma yake mwanamume mwenye kofia ya kiwanda alibeba projekta ya betri na boksi moja jembamba. Walitundika shuka ukutani. Picha ikatokea, kubwa kuliko ubao: buti, koki, shingo iliyogeuka, lile tabasamu.

"Baba!" alisema Pengo, na wenzake wa dawati wakamgonga bega kwa furaha.

"Watoto hawa," Meneja alianza, "wamefanya kazi iliyowashinda wakaguzi. Tumesemwa sana kwamba kiwanda kinachafua mto. Leo mmetuonyesha ukweli. Si kiwanda. Ni mtu mmoja, kwa uzembe wake, bila kutumwa na yeyote. Asubuhi hii tumemkabidhi panapohusika." Akaielekezea picha mkono. "Hiyo ndiyo elimu ya mazingira."

Mwalimu Mkuu alianza kupiga makofi. Watoto wakafuata, kwa kuwa mwalimu akipiga nao hupiga, kisha makofi yakalegea dawati kwa dawati, kuanzia mbele.

Mkufunzi alimwinamia Madamu Mdogo, aliyekwisha kumpisha mgeni na kukaa kando yake. "Umefaulu, binti. Zana kama hii sijawahi kuiona." Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haijagusa.

"Samahani," alisema Madamu Mdogo, akiinuka. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Samahani, bosi. Yule mzee alitumwa. Msimamizi wake ndiye..."

"Nani?" aliuliza Meneja, kwa upole uleule.

Mwanamume mwenye kofia alikuwa amesimama kando ya projekta, boksi mikononi. Alimtazama Madamu Mdogo, kisha akainua kidevu, kidogo sana, kuelekea kiti alichoinukia.

Darasa zima lilikuwa linamtazama. Kalamu ya mkufunzi ilikuwa palepale.

"Nilitaka kusema," alisema, "tunawashukuru." Akakaa.

Kalamu ikaandika.

"Sasa, mpiga picha wetu ni nani?" Meneja aliuliza.

Pengo aliutazama ukuta, akamtazama Madamu Mdogo, akarudi ukutani. Mwalimu Mkuu alimnyanyua kwa kwapa, taratibu, kama anayenyanyua chungu, akamsogeza mbele. Viatu vilivyokatwa viliburura sakafuni.

"Ni baba," alisema Pengo. Hakulia. Alisema kama mtoto anayemsahihisha mgeni aliyekosea jina.

Meneja aliinama. "Anasemaje?"

"Anasema ahsante," alisema Mwalimu Mkuu. Kisha kwa Pengo, chini chini: "Pokea kwa mikono miwili. Ndivyo ulivyofundishwa kwenu?"

Lilikuwa boksi la kishikwambi kipya. Kilipotolewa, nailoni yake ilimeta mpaka dari. Pengo akanyoosha mikono yote miwili, kikalazwa juu yake.

Hapo ndipo bomba lilipofunguliwa. Kwanza mvumo kule kwenye kona, kisha harufu, ikipita kwenye magunia kama kawaida yake. Darasa la nne halikusubiri kuambiwa: kola zikapanda. Meneja alitoa leso. Mwalimu Mkuu alitazama madirisha kana kwamba angeweza kuyakaripia. Madamu Mdogo alihisi kitambaa mdomoni mwake, akatazama, akakuta mkono wake mwenyewe umeshavuta kola, na hakuwa amekohoa.

Pengo peke yake ndiye aliyekuwa na uso wazi. Mikono yake ilikuwa imeshika zawadi.

Mwanamume mwenye kofia alirudi nyuma hatua chache, akatoa simu ili apige picha. Akaitazama, hakuridhika, kishikwambi kilikuwa chini mno. Hakusema. Alimwonyesha kwa kidevu, na mtoto, akivuta pumzi kwa pengo la meno yake, akakiinua.