Kamba Yenye Mafundo Mawili

Kwa miaka thelathini sikumiliki meta ya kupimia, na nilijivunia hilo. Urefu wa mtumbwi niliupima kwa nyayo zangu, kisigino kugusa dole, nyayo thelathini kamili. Upana wa tumbo lake niliupima kwa kamba ya katani aliyoniachia baba yangu, aliyekuwa fundi wa mitumbwi upande wa Bukavu kabla sijavuka kuja kukaa Rwanda. Kamba moja, mtumbwi mmoja, basi. Hapa Nkanka ukiuliza nani fundi, utaambiwa Bahizire, na asiyekuambia hivyo ni mgeni au ana wivu.

Siku moja akaja Madamu Patricie, mwalimu wa sayansi wa darasa la sita kwenye shule ya msingi iliyo juu ya mwalo, ufuko tunakoegesha mitumbwi. Alitaka vipande vya mbao nisivyovihitaji. Alisema somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama wanalisoma ubaoni tu, kwa chaki, na ziwa liko pale chini wanaliona dirishani. Nilicheka. Nikamwambia mtumbwi hausomwi, mtumbwi unachongwa. Yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera. Alisema basi nije niwachongee, watoto waone.

Nilikwenda kujionyesha, wacha niseme ukweli. Lakini nilirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Nilibeba mbao zangu mwenyewe, patasi zangu, hata nanga ya zamani ili waone uzito wake. Watoto hamsini na kitu wakiniita Papa Bahizire, wakiuliza kwa nini hiki na kwa nini kile. Nyumbani hakuna anayeniuliza kitu. Nilipenda, sana.

Kati yao alikuwamo Elikia, msichana wa miaka kumi na miwili, binti wa Munyaneza. Huyu Munyaneza alikuwa nahodha wa mtumbwi niliouunda mimi. Miaka mitatu iliyopita, siku ya soko, alikuwa akivusha watu kutoka kisiwani Nkombo. Upepo ukaja, watu wakaegemea upande mmoja, mtumbwi ukapinduka. Walikuwa kumi na wanne, yeye akiwa mmojawapo. Kumi na watatu walitolewa wazima. Aliyebaki majini alikuwa Nshuti, mwanawe wa miaka saba, kaka mdogo wa Elikia.

Watu walisema Munyaneza alijaza mtumbwi kwa tamaa, akamuua mwanawe mwenyewe. Na wa kwanza kusema hivyo nilikuwa mimi. Nilisimama mwaloni, maiti ya mtoto haijapatikana bado, nikasema kwa sauti kubwa kwamba mtumbwi wangu unabeba watu kumi na wanne bila wasiwasi, kwa hiyo mumuulize aliyepakia alipakia wangapi. Hakuna aliyemuuliza. Munyaneza hakushika kasia tena. Tangu siku hiyo anaponda mawe ya kokoto kando ya barabara, na watu wanampita bila kumsalimu.

Sasa, Madamu Patricie aligawa darasa makundi mawili. Kundi moja likapime mtumbwi wangu wa kwanza kabisa, ambao mpaka leo unafanya kazi. La pili, la Elikia, likapime niliomaliza mwaka jana. Kisha kila kundi lichonge mtumbwi mdogo, kila sentimita ishirini za mtumbwi wenyewe ziwe moja. Makundi yakarudi. Urefu ulilingana. Upana wa ule wa zamani ulikuwa meta moja na nusu. Ule mpya, meta moja na sentimita ishirini na nane.

Nikasema mmepima vibaya. Elikia akashuka tena mwaloni peke yake na meta ya shule, akarudi akihema, na namba ile ile. Hapo hasira ikanipanda. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba nilikuwa naunda mitumbwi kabla baba yake hajajua kasia linashikwa upande gani. Mtu mzima mimi, nikimtukania mtoto baba yake, na baba mwenyewe ni yule. Nikikumbuka naona aibu mpaka leo.

Madamu Patricie hakunigombeza. Alisema tusibishane, beseni litasema.

Alhamisi iliyofuata mitumbwi miwili midogo ikawekwa kwenye beseni la maji. Kila mtoto alitegemea tupakie mawe kumi, kama tulivyozoea kwenye mahesabu. Elikia akaweka kumi na manne kwenye kila mtumbwi. Hakuna aliyemwambia. Aliyapanga moja moja, akichagua yanayolingana, na jiwe la mwisho lilikuwa dogo kuliko yote. Mwalimu akasukuma ule mpana kwa kidole. Ukalala upande, ukarudi. Akasukuma ule mwembamba kwa kidole kile kile. Ukalala, haukurudi. Mawe yote chini ya beseni. Wakajaribu mara ya pili na ya tatu, ikawa vilevile.

Elikia aliandika kwenye daftari lake. Kisha akaniangalia.

"Papa Bahizire, ule wa papa yangu ulikuwa kama huu ao kama ule?"

Nikasema sikumbuki. Mtumbwi wenyewe ulishavunjwa ukawa kuni, nani angenipinga?

Nilikumbuka vizuri sana. Nilifika nyumbani nikaitoa kamba ya baba, nikaketi nayo mapajani. Ina mafundo mawili. La kwanza nililifunga panya alipoitafuna. La pili nililifunga ilipoungua nikichemsha lami. Mara zote mbili nilifanya kama mtu yeyote angefanya, nikakata palipoharibika, nikaunga, nikaendelea na kazi. Kumbe fundo linakula kamba! Mama anayefunga mbuzi malishoni anajua, kamba iliyoungwa haifiki ilipokuwa ikifika. Mimi fundi sikujua, au sikutaka kujua. Nyayo zangu hazikupungua, kwa hiyo kwa macho mtumbwi ulibaki ule ule, na watu wakaendelea kupanda kumi na wanne. Na mafundo yote mawili niliyafunga kabla ya mtumbwi wa Munyaneza.

Nilifikiria kuichoma. Niliishika juu ya mbabula, jiko letu la makaa, moto ukaanza kulamba nyuzi, nikaivuta. Alhamisi mbili sikuonekana shuleni, nikatuma salamu kwamba nina malaria. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa naficha maradhi kwa kusingizia mengine. Jina langu lilikuwa mali yangu yote. Nikilisema hili, jina linakwisha. Nisiposema, Munyaneza ataponda mawe mpaka azikwe, na mtoto wake atabaki na daftari lenye swali lisilojibiwa.

Alhamisi ya tatu nilikwenda barabarani. Munyaneza alikuwa ameketi kwenye rundo lake la kokoto, na hakuinua kichwa. Nikamuuliza siku ile alipakia wangapi.

"Kumi na ine," akasema kwa Kiswahili cha huku ziwani. "Njo mara ya kwanza muntu ananiuliza."

Nikamweleza yote, nimesimama juani kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nikampa kamba. Aliweka nyundo chini, akaipitisha kamba vidoleni polepole, akafika fundo la kwanza, akasimama, akaendelea, akafika la pili. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Magari yalipita. Nilitamani anipige.

"Kila siku ninabahesabu tena pale Nkombo," akasema. "Ninajiuliza ningeacha nani kwa mwalo. Na kila siku Nshuti njo ninamuacha. Ninamwambia, baki, nitarudi kukuchukua."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Yeye hakulia. Aliniuliza nimeunda mitumbwi mingapi kwa kamba hii tangu fundo la pili. Nikasema sita, mitano iko majini leo hii. Hapo akasimama, akakung'uta vumbi la mawe magotini.

"Tushuke kwa mwalo," akasema. "Utayasema pale. Na utayasema kwa ile sauti ulisemea ya kwanza."

Ilikuwa siku ya soko. Nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama miaka mitatu nyuma, nikayasema kwa sauti ile. Wenye mitumbwi walinitukana, mmoja akanitemea mate, na walikuwa na haki. Madamu Patricie, aliyesikia kelele toka shuleni, alileta darasa lake lote na magunia ya mchanga yawe badala ya abiria. Mchana kutwa watoto waliipakia mitumbwi yangu mitano kwenye maji mafupi, wakiisukuma na kuandika, mpaka wakapata namba. Tisa. Kamba, Munyaneza aliponirudishia, nilimpa mwalimu, iko ukutani darasani na mafundo yake. Aliniuliza kama ayafungue, nikakataa. Kando yake nimetundika meta niliyonunua, na kila Alhamisi napimia ile.

Munyaneza hajanisalimu mpaka leo. Siku ile aliingia majini hadi magotini, akaushika mtumbwi mmoja kati ya ile mitano usitikisike wakati Elikia akiandika namba ubavuni kwa rangi nyeupe. Rangi ilipokauka akabaki palepale, na abiria wakaanza kupanda. Akawahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, akianza na nahodha. Wa tisa alipoketi, akanyoosha mkono mbele ya wa kumi.

"Baki," akamwambia. "Utarudiwa."