Dirisha la Miguu

Jumapili hiyo Turubai aliamka jua limeshapanda, akabaki amelala chali akitazama paa la hema. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemuuliza chai iko wapi. Jangwani ndivyo kulivyo: ukinyamaza wewe, kila kitu kimenyamaza. Upepo ulikuwa bado haujaanza, na mchanga wa mlangoni ulikuwa wa baridi kama sakafu ya bafu.

Walimwita Turubai kwa sababu alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori. Wenye utani waliongeza kuwa ni kwa sababu naye hapitishi maji: umwambie neno gani, linateleza. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, chumba chenye meza ndefu ya mbao, cherehani kubwa ya miguu, na harufu ya nta iliyokuwa imemganda hadi kwenye kola. Hema hili alilishona mwenyewe zamani, kwa mabaki ya turubai la lori la saruji. Alilishona la watu watatu. Sasa lilikuwa la mtu mmoja. Akigeuka kidogo tu, bega linagusa mshono mpya wa upande wa kushoto, mshono ulionyooka kuliko yote aliyowahi kushona.

Kila mwaka, joto likishapungua, walikuwa wanakuja watatu: yeye, mkewe, na mdogo wa mkewe, dereva wa gari la mikate. Wanafika Jumamosi jioni, wanachimbia vigingi, na Jumapili nzima hawafanyi kitu. Hilo lilikuwa agizo la mkewe. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mtu wa masufuria yanayoingia mbuzi mzima, na mwaka mzima hakuwa na Jumapili, kwa maana watoto wa bweni wanakula hata Jumapili. Kwa hiyo akifika jangwani anajitangaza mgonjwa wa mikono. Hashiki mwiko. Analala tu hemani, anatoa amri.

"Baba, hayo mayai unayakaanga au unayaadhibu?" alikuwa akisema, bila hata kuinua kichwa.

Turubai anapika huku ananung'unika, shemeji anacheka, na mayai yanaungua kweli. Mkewe anakula yote. Alikuwa anasema chakula ambacho hukukipika mwenyewe hakina kosa.

Halafu kulikuwa na dirisha la miguu. Mwaka wa pili wa hema lile, mkewe alilalamika kwamba akilala ndani miguu inapata joto, akilala nje kichwa kinapata jua. Turubai akamwambia achague kimoja kama watu wengine. Hakuchagua. Mwishowe fundi akakata nafasi chini kabisa, upande wa kushoto, upana wa mito miwili, akaiwekea kifuniko cha kukunja na vifungo vya shaba. Tangu hapo kila Jumapili mkewe alilala kichwa ndani, miguu nje, vidole vinachezacheza juani. Shemeji alikuwa akipita hapo anaimwagia mchanga kwa makusudi, na dada mtu anatukana kutokea ndani, kwa sauti ya mtu mwenye raha zake.

Mwaka huu, kabla ya joto kuisha, mkewe aliugua wiki chache akaondoka.

Msiba ulipokwisha, watu walirudi makwao. Shemeji naye alimshika mkono mlangoni, akasema tutaonana, akapanda gari lake la mikate. Turubai akasubiri simu. Joto likapungua, asubuhi zikaanza kuwa nzuri, simu haikulia. Akajisemea kwamba ameelewa. Aliyekuwa mshono kati yao hayupo. Nyuzi zikikatika, vitambaa viwili kila kimoja kina mwenyewe. Shemeji ana watoto wake na njia yake ya mikate. Atakujaje jangwani kukaa na mwanamume mwenye sura ya kigingi?

Siku moja jioni, karakana ikiwa tupu, akalitandaza hema mezani, akachukua mkasi mkubwa, akalikata. Alikata upande wa kushoto wote, pamoja na dirisha la miguu. Alipomaliza kushona alijiona mtu mwenye akili. Hema la mtu mmoja ni jepesi, halishiki upepo, linasimamishwa na mikono miwili. Kile kipande kilichobaki alitaka kukitupa. Akakikunja, akakikalia kwenye kiti cha gari njia nzima kuja huku, akijiambia kiti kimechakaa.

Aliwasha jiko, akakaanga mayai. Hayakuungua. Akayala amesimama.

Mchana ulikuwa mrefu. Alitembea hadi kwenye mawe meusi, akarudi. Akanoa kisu ambacho hakikuwa butu. Alilala kidogo, akaamshwa na joto la miguu, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka kwa sababu kicheko kilisikika vibaya. Ndipo akaona vumbi upande wa barabara. Vumbi likasogea, likawa gari, na gari likawa na picha ya mkate ubavuni.

Shemeji alishuka akiwa na sare ya kazi. Alikuwa na mikate miwili kwapani na uso wa mtu aliyeendesha huku akigombana na mtu asiyekuwepo.

"Kwa hiyo umekuja," alisema.

"Si unaniona."

"Nimeambiwa na kijana wa kituo cha mafuta. Ananiambia fundi kaenda jangwani tangu jana. Mimi namwambia haiwezekani, shemeji yangu angenipigia."

Turubai akamjibu kwamba simu ni ya pande mbili. Shemeji akasema miaka yote alipigiwa yeye. Turubai akasema miaka yote hajawahi kumpigia mtu, na shemeji anajua hivyo. Wakatazamana. Ilikuwa kweli. Aliyekuwa anapiga ni yule mwanamke. Alikuwa anapanda kilima kidogo cha mawe nyuma ya nyumba yao, anampigia mdogo wake, anampangia siku, anamwambia aombe ruhusa ya Jumatatu, na huyo mdogo akishatangulia kuondoka jangwani, anapanda hapa juu ya kilima cha mchanga penye mtandao, anampigia tena kuuliza kama amefika. Wanaume hawa wawili walikuwa wamekaa mwezi mzima kila mmoja akisubiri simu ya mtu aliyekufa.

Kisha shemeji akaliona hema.

Alilizunguka. Akainama, akachungulia ndani, akapapasa mshono wa kushoto kwa kidole. Alifahamu kazi ya Turubai kiasi cha kujua kwamba hapo hapakuchanika.

"Umelikata."

"Lilikuwa kubwa."

"Kubwa kwa nani?"

"Nilipima kwa watu waliobaki," alisema Turubai, na maneno yalipotoka akasikia yalivyo.

Shemeji hakupandisha sauti. "Na mimi ulinihesabu wapi, shemeji? Kwa waliobaki, au kwa waliozikwa?"

Mtu aliyezoea kuwaambia wenye malori kwamba turubai lao ni takataka, na akawa sahihi, hana mazoezi ya kukosea. Turubai alifungua mlango wa gari lake, akatoa kile kipande kitini, akakitandaza mchangani. Shemeji akakitazama: vifungo vya shaba, kifuniko cha kukunja. Akachuchumaa, akafungua kifungo kimoja, akakifunga.

"Ulikuwa umekikalia," alisema.

"Kiti kimechakaa."

Shemeji akacheka puani, mara moja tu. Wakakaa kivulini, wakala mkate kwa chai. Walizungumza juu ya bei ya ngano, juu ya gari la mikate lenye klachi inayoteleza, juu ya mwaka ule dada alipotupa soksi za mumewe motoni akidhani ni mkaa. Lakini shemeji hakuweza kulala pale usiku huo. Hakuwa ameomba ruhusa kazini, kwa sababu hakuna aliyemwambia aombe, na alfajiri ya Jumatatu mikate haimsubiri mtu. Jua lilipoanza kulegea alikung'uta suruali akasimama.

"Mwaka ujao nikikuta hiki kibanda cha kuku," alisema akiwa usukani, "nageuza gari hukohuko barabarani. Na nisipopigiwa, siji kabisa. Mimi si wa kusikia habari zako kwa muuza mafuta."

Vumbi likaondoka naye.

Turubai alichukua sindano iliyopinda na uzi wa nta, akaketi mlangoni, akafumua mshono wake mzuri. Alishona kwa mkono, bila haraka, kile kipande kikirudi mahali pake uzi kwa uzi. Alijua tangu mwanzo kwamba hakitatosha. Turubai likikatwa, mshono lazima umeze kidogo pande zote mbili, na alikuwa amekata bila kuacha akiba. Alipomaliza, hema lilikuwa la watu watatu waliobanana, na mlango haukufunga vizuri chini; ulibaki na uwazi wa kupitisha mkono. Angemkuta fundi mwingine amefanya kazi ile, angemtukana.

Kabla mwanga haujaisha alipanda kilima cha mchanga, simu mkononi, akateleza mara kadhaa, akafika juu anahema. Akapiga. Iliita kwa muda mrefu.

"Kuna nini?" aliuliza shemeji, sauti ya mtu aliyeshtuka.

"Hakuna kitu."

"Basi mbona unapiga?"

"Nilitaka kujua kama umefika."

Nyuma ya shemeji zilisikika sauti za watoto na mlango ukifungwa.

"Nimefika, shemeji."

"Haya."

Hakuna kati yao aliyejua jinsi ya kukata simu. Kazi hiyo nayo haikuwa yao. Walikaa hivyo, kila mmoja akimsikia mwenzake anapumua, mpaka mtandao ukakatika wenyewe.

Aliteremka. Akafungua vifungo vya shaba, akalala, akatoa miguu nje ya dirisha kuona mkewe alikuwa akiona nini siku zote zile. Aliona miguu yake mwenyewe, mibaya, na nyuma yake mchanga unaoenda mpaka basi. Akairudisha ndani. Halafu akasogea upande wake wa siku zote, karibu na mlango usiofunga, akaiacha nafasi yote iliyobaki kama ilivyo.