Mgomba wa Oduori

Zilpa alikuwa anaanika mihogo nyuma ya nyumba yake huko Butula, Austine alipokuja na kamera kumwomba amlilie mwanawe. Mwanawe, Oduori, alikuwa amesimama kando yake, mzima, akimsaidia kufukuza kuku.

Kulikuwa na wakati Oduori hangeweza kupita mpakani Malaba bila madereva wa malori kuacha foleni ili wamwone akianguka. Alianguka vizuri katika kila filamu yake ya vichekesho: kwenye matope, kwenye sufuria ya wali, juu ya mama mkwe. Kisha watu wakachoka. Filamu yake ya mwisho ilitazamwa na viti. Kwa hiyo Austine, aliyemwongoza tangu mwanzo, akatunga nyingine ambamo Oduori anajifanya amekufa maji ili amkimbie mama mkwe, na jamaa, kwa kukosa maiti, wanazika mgomba kama desturi inavyotaka.

"Mtu hai haliliwi," Zilpa alisema.

"Mama, ni filamu tu. Tulie kidogo, tunywe chai."

Oduori mwenyewe alimbembeleza. "Mama, hii ikikataa, mimi nimeisha."

Zilpa akalia. Alilia kwa jina la mwanawe na la babu yake, kama mama anavyolia, na mgomba uliofungwa shuka ukashushwa kaburini kando ya boma. Filamu ilipendwa pande zote mbili za mpaka.

Mvua za masika zilipokuja, kaburi lilipasuka na mtu akatoka. Alikuwa na uso wa Oduori na harufu ya utomvu. Hakusema neno. Alitembea kidogo, akateleza, akaanguka, na majirani wakacheka hadi wakashikana mabega. Vivianne wa boma la pili alimletea taulo. Austine alimpeleka kazini wiki hiyo hiyo.

"Huyu hachoki, halalamiki," aliwaambia watu. "Hata soda haombi."

Tangu hapo Oduori alianza kupungua. Mbwa waliacha kumbwekea. Kule Burumba, alikokuwa amepanga, mwenye nyumba aliingiza mpangaji mwingine chumbani mwake bila kumwamsha. Kwa kinyozi, kioo kilionyesha kiti kitupu. Aliporudi Butula, Vivianne, mwenye moyo mwema, alimwekea uji kila asubuhi, ila aliuweka juu ya kaburi. Oduori aliunywa huko huko, na kila alipoegemea alikuta udongo umefuata zaidi umbo la mgongo wake.

Akamwomba mama yake jambo moja: wazee wachinje kondoo, aingizwe nyumbani kwa mlango wa nyuma kama anavyoingizwa mtu aliyeliliwa akiwa hai, na yule wa mgomba ang'olewe.

Zilpa alikwenda kwa mzee Wesonga, mkubwa wa ukoo. Mzee alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Zilpa, huyo wa mgomba ametuezekea kanisa kwa pesa za filamu. Tukimng'oa, mvua itaninyeshea mimi na pasta."

"Na mwanangu?"

"Mwanao tulimzika vizuri. Kamba niliishika mimi mwenyewe."

Jioni ile wageni kutoka Amagoro walijaa sebuleni kwa Zilpa kumtazama yule wa mgomba akidondoka kutoka kwenye stuli. Oduori alibisha mlango wa nyuma. Mama yake alimpa ugali na omena, akamshika shavu. Kiganja cha mama kikabaki na baridi.

"Mama, unanijua?"

"Nikuzae, nikose kukujua?"

"Basi niite. Ni wewe ulinilia. Ukiniita, pengine na wao watasikia."

Zilpa aliogopa, lakini aliita, kwa sauti aliyomwitia alipokuwa mdogo na giza linaingia.

"Oduori!"

Vicheko vikakatika sebuleni.

"Naam, mama," akaitika yule wa mgomba, ambaye hakuwahi kusema neno. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtoto mtiifu. Wageni wakapiga makofi.

Kwenye mlango wa nyuma, kinywa cha Oduori kilikuwa wazi. Alikuwa ameanza kuitika. Akakifunga. Alimaliza chakula, akamrudishia mama sahani, akasema asante. Zilpa hakuisikia, ila aliona midomo ikiisema.

"Karibu, baba," akamjibu, kisha akaingia sebuleni kumpakulia aliyeitika.