Goti la Shangazi

Binti huyu aliitwa Daktari tangu angali mdogo. Si kwamba alimponya mtu. Alimfunga paka kitambaa mguuni, paka akatulia, na mama yake aliyekuwa akimtazama mlangoni akasema, "Huyu ndiye daktari wangu." Jina likamganda kama ulimbo. Alipoingia chuo kikuu kusomea sayansi, mama hakuuliza sayansi ya nini. Ya nini tena, kama si ya udaktari?

Ilikuwa sayansi ya mimea. Daktari alikusudia kumweleza, akakusudia tena, na siku ya mahafali mama alipomkumbatia huku akilia kwa furaha, akaahirisha tena. Baadaye alizunguka na vyeti vyake ofisi hadi ofisi mpaka soli zikalika, ndipo akaajiriwa kwenye maabara ya kupima mbegu, mji wa mbali na kwao. Akapiga simu: "Mama, nimepata kazi. Ni maabara." Mama alipiga vigelegele hata simu ikakwaruza. Maabara, koti jeupe, basi mambo yamekamilika!

Kazi yenyewe aliipenda. Mbegu haziendi dukani kabla hazijapita mikononi mwake. Alizipanga juu ya karatasi iliyoloweshwa, akaikunja, akaiweka ndani ya kabati lenye joto, na baada ya siku kadhaa akaikunjua taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Zilizoota vizuri huku, zilizopinda kule, mfu kando. Mfu zikizidi, shehena nzima inazuiwa.

Mwenzake wa meza ya pili alikuwa amesomea kompyuta, na ndiye aliyeandika programu ya kulinda joto la makabati yale. "Afadhali wewe," alizoea kumtania. "Kwetu wakisikia nimerudi likizo, wananipangia foleni ya pasi mbovu na redio zilizokata roho. Si nilisomea vitu vya umeme!"

Asubuhi moja mlinzi alichungulia mlangoni akicheka. "Daktari, una mgonjwa."

Nyuma yake alikuwa mama, amevaa nguo yake ya kutokea, amemshika mkono shangazi, dada yake baba, anayechechemea kwa fimbo. Walisafiri bila kusema, wamshtukize.

"Wamenielekeza hospitali kule kwetu, nikakataa katakata," shangazi alisema akitweta. "Niende kwa watu baki, na damu yangu ni daktari?" Akajibwaga kwenye kiti, akapandisha gauni, akatoa goti lililovimba kama boga. Yule mwenzake wa kompyuta akakimbilia kutazama dari.

Mama alikuwa akimnyoosha binti yake kola ya koti. Uso ulimjaa fahari. Daktari aliuona, akajua hawezi kuahirisha tena.

"Mama," alisema, "mimi sitibu watu."

"Unatibu nini?"

"Sitibu. Napima mbegu. Za mahindi, za maharage, za nyanya. Naangalia kama zitaota."

Shangazi aliliangalia goti lake, akamwangalia mpwa wake, akashusha pumzi. "Basi hili langu limekosa msimu," akasema.

Mwenzake aliingiza kichwa kabatini acheke huko huko. Mama hakucheka. Alikuwa ameiachia kola.

Daktari aliomba ruhusa, akawachukua mpaka hospitali iliyokuwa karibu. Shangazi alipoingizwa ndani, mama na binti walibaki kwenye benchi la korido, wamekaa kama abiria wasiojuana.

"Mama, umenikasirikia?"

Mama alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulitaka daktari. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Mimi nilitaka wewe," mama alisema. "Daktari ni neno tu, ndilo nililokuwa nalo karibu. Ningejua neno jingine ningelitumia." Sauti ikamlegea. "Unajua kinachoniuma? Miaka yote hii nakusifia, sokoni, msibani, kila nikaapo. Kumbe nilikuwa namsifia mtu mwingine. Wewe mwenyewe, mwanangu, sijakusifia hata siku moja."

Hapo Daktari akashindwa kujizuia. Alilia kama hajawahi kuvaa joho, kichwa begani kwa mama, na mama akamfuta kwa mtandio ule ule, akimpangusa na pua kama zamani.

"Haya, yatosha. Nieleze sasa. Polepole, nisije nikakosea nikifika nyumbani. Mkulima akiuziwa mbegu mfu inakuwaje?"

"Analima, anapanda, anapalilia udongo mtupu. Mpaka agundue, mvua imekwisha."

"Na wewe ndiye unayezuia."

"Mimi na wenzangu, Mama."

"Wenzako watasifiwa na mama zao," mama alijibu. "Endelea."

Shangazi alitoka goti likiwa limetolewa maji na kufungwa bandeji, akisema daktari aliyemtibu ni katoto kadogo kabisa, lakini kana mkono mwepesi. Mama hakutaka waende moja kwa moja stendi. Alitaka kuiona kazi.

Basi wakarudi maabara. Daktari akatoa karatasi moja kabatini, akaikunjua mezani. Vimizizi vyeupe vilikuwa vimejitokeza, vingine vimeinama kama vinasikiliza. Mama aliinama navyo.

"Na huyu aliyejikunja?"

"Huyo dhaifu. Hatumhesabu."

"Maskini. Usimtupe mbele yangu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Jioni Daktari aliwasindikiza stendi. Shangazi alinyoosha mguu kwenye viti viwili bila kumwomba mtu radhi. Mama alikaa dirishani, na kabla basi halijawashwa alishampigia jirani simu, kwa sauti ya kusikika stendi nzima.

"Hapana, si daktari. Nimesema si daktari! Tulia nikueleze, maana hata mimi nimeelezwa leo. Kwanza wanachukua karatasi, wanailowesha..."

Daktari alisimama pale chini ya dirisha, akisikiliza. Mama alikosea kidogo kwenye habari za kabati la joto. Binti hakumsahihisha.