Maji ya Koo

Palikuwa na nchi ikiitwa Majabali, na anayebisha kwamba haikuwapo, huyo hajawahi kushikwa na kiu. Juu yake lilikuwapo bwawa moja, na kutoka bwawani kilishuka kijito kilichomfikia kila mnyama hadi mlangoni. Bwawani alikaa Mfalme Kiboko. Alikuwa na kinywa kipana hivi kwamba mwaka mmoja swala wawili waliingia humo kujikinga na mvua, wakidhani ni pango, na walipotoka walikuta wajukuu zao wameshaoa.

Sheria ya nchi ile ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya kelele. Aliyeonewa alipanda Jiwe la Kufoka na kusema yote yaliyomkaa moyoni, kwa sauti yoyote aliyojaliwa. Aliyemwonea alikaa chini ya jiwe na kibuyu cha maji mapajani, hana ruhusa ya kujibu, hata kukohoa kwa hila hana. Sauti ya mfokaji ikimkauka, yule wa chini alipanda kumnywesha. Hayo ndiyo maji ya koo. Mfokaji akinywa, yamekwisha. Asiponywa, kesho wanarudi.

Mtunza vibuyu vya jiwe alikuwa Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, ila koo analo. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa chini siku tatu kwa neno alilomwambia wifi yake msibani. Siku ya tatu wifi alipokubali kunywa, walilia wote wawili mpaka kibuyu kikajaa tena.

Hata mfalme alikaa chini ya jiwe, mara moja kwa mwaka. Mfalme Kiboko alikaa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alituma kibuyu kije peke yake. Mwaka wa tatu alijilaza palepale kijito kinapotokea bwawani, kwa kuwa tope la hapo ni laini, na mwili wake ukawa ukuta. Huko chini kijito kikawa ute, kisha unyevu, kisha jina. Basi wanyama walipanda jiwe tangu alfajiri, wakapanga foleni ya kufoka.

Mfalme akaita baraza. Bi Pimbi naye aliitwa, kwa sababu ya vibuyu.

"Mtukufu, hizi kelele si kiu," alisema Waziri Kinyonga, ambaye siku hiyo alikuwa na rangi ya kiti cha Mfalme. "Huu ni msongo. Na msongo unaua kuliko kiu."

"Kwa hiyo wananisingizia."

"Hawajijui, Mtukufu. Sasa, ng'ambo ya milima kuna mafundi wenye akili ya kuundwa, inaitwa Mtambuzi. Kila mnyama atavishwa kikuku mguuni, kikuku kimsikilize moyo. Moyo ukianza kuchemka, Mtambuzi anajua kabla mwenyewe hajajua. Anamtuliza, anampatanisha na mwenzake, basi. Hapana kufoka tena."

"Na mimi nitavaa?"

Kinyonga alitazama mguu wa Mfalme kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akatazama mlango. "Mafundi wanasema kikuku cha mguu kama huo bado hakijaundwa."

"Inasikitisha," alisema Mfalme, akafumba macho.

"Na vibuyu je, Bwana Waziri?" aliuliza Bi Pimbi.

"Vibuyu vipandwe maua, bibi. Vitapendeza."

Tusimsingizie Mtambuzi, mwanzoni alifanya kazi. Ngiri na Nungunungu, waliokuwa wakichomana kwa pembe na miiba kila siku kwa ajili ya dimbwi moja, aliwasemesha kwa sauti laini kutoka kwenye nguzo ambazo mafundi walizisimika kila njia panda, akawapa zamu, wakaacha. Alimgundua Mzee Kobe kuwa na huzuni ya miaka arobaini ambayo hata mkewe hakuijua, akamtafutia wa kupiga naye soga. Alijua moyo wa nani umechemka, saa ngapi, na kwa kiasi gani. Swali moja tu hakupewa kuuliza: ni nani aliyelala kwenye kijito.

Kikuku kilikuwa na taa. Ya kijani ilikuwa heri. Nyekundu ikiwaka siku tatu, wanakuja Mbweha wawili, wapole, wenye kucha zilizokatwa, wanamchukua mgonjwa kwenda Bonde la Utulivu kupumzika. Waliokwenda walikuwa bado wanapumzika.

Kwa hiyo wanyama wakajifunza. Wengine walitafuna magome, wengine walivuta pumzi kwa pua moja. Bi Pimbi alihesabu mawe kurudi nyuma: saba, sita, tano. Akifika moja, moyo unakuwa umelala kama mlevi. Kiu ikimshika, anahesabu. Jirani akichukuliwa, anahesabu. Mwanawe mdogo, ambaye hata jina alikuwa hajapewa, alipokufa kwa kiu mgongoni pake, Bi Pimbi alimchimbia shimo, akamlaza, akahesabu. Taa haikubadilika.

Binti yake mkubwa, Siwatu, hakujua kuhesabu kurudi nyuma. Adhuhuri moja alisimama mbele ya mama yake mlangoni.

"Mama, wewe si mtunza vibuyu? Viko wapi vibuyu?"

"Vimepandwa maua, mwanangu. Shusha sauti."

"Maua yananyweshwa. Mdogo wangu hakunyweshwa."

"Siwatu, taa yako hiyo."

"Iwake. Siku tunamzika nilikusikia, mama. Nilidhani unamwombea, kumbe unahesabu mawe. Hukumlilia hata chozi la kutoa vumbi machoni."

Bi Pimbi alijua la kufanya. Alilijua kuliko mnyama yeyote nchini: ang'oe ua kwenye kibuyu kimoja, amchukue binti yake hadi jiweni, akae chini, na anyamaze mpaka sauti ile imalizike. Lakini jua lilikuwa kali, na alikuwa amechoka, na taa ya mtoto ilikuwa nyekundu siku ya pili. Aliogopa. Tena, kusema kweli, hakutaka kusikia yaliyobaki. Akainama, akakigusa kikuku chake mwenyewe.

"Mtambuzi, tupatanishe mimi na mwanangu."

"Asante kwa kunishirikisha, Bi Pimbi," ilisema sauti laini. "Binti yako ana maumivu makubwa. Usingoje siku ya tatu. Nitampatia pumziko."

Jua halijazama, Mbweha wakafika. Walibisha hodi kwa adabu. Siwatu alipopita kizingiti hakumtazama mama yake. Alivitazama vibuyu.

Bi Pimbi alikwenda barazani siku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na moja aliruhusiwa kusema.

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Ni mimi niliyemtoa, kwa woga wangu. Alikuwa na haki ya kunifokea. Nirudishieni, anifokee."

"Mtambuzi anasemaje?" aliuliza Mfalme. Alikuwa amezama topeni hadi mbavuni, lakini tope lilikuwa la baridi na tamu, na hakuna mshauri aliyetaka kumwambia kwamba anazama, asije akampandisha yeyote mapigo ya moyo.

"Pole kwa unayopitia, Bi Pimbi," ilisema sauti. "Nimeusikiliza moyo wako tangu ulipoingia. Unapiga polepole kuliko wa Mzee Kobe akiwa usingizini. Tangu mwanao mdogo alipofariki hadi leo haujawahi kupanda. Sioni uchungu. Pasipo uchungu hapana dai."

"Umeona, bibi?" alisema Kinyonga kwa upole. "Wewe mzima kabisa. Mama mwenye uchungu tungemjua. Lia basi, tukuone."

Alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Alimtafuta mtoto aliyemzika, uzito wake mgongoni, pua yake kavu. Akatafuta, akatafuta, na kila alipogusa alikuta jiwe: saba, sita, tano. Taa ya mguuni ilimwangaza, kijani kama nyasi ambazo nchi ile ilikuwa imezisahau.

"Shauri limekwisha," alisema Mfalme.

Mwezi ule tope lilimfika Mfalme mabegani, halafu shingoni. Asubuhi ya mwisho aliita. Sauti yake iliangusha majani ambayo hayakuwapo. Wanyama wote walikuja, wakasimama ukingoni: Ngiri, Nungunungu, Kobe, na Kinyonga akiwa na rangi ya tope. Kamba zilikuwapo. Migongo ilikuwapo.

"Nivuteni!"

Hakuna aliyemchukia kiasi cha kushangilia, wala aliyemwonea huruma kiasi cha kushika kamba. Walimtazama vile unavyotazama mvua ya nchi nyingine. Vikuku vyote, mguu kwa mguu, vilikuwa kijani.

"Hali ya nchi ni shwari," ilitangaza sauti kutoka nguzoni.

Tope likafunga juu ya kichwa chake. Baada ya muda maji yalipata njia juu ya mgongo wake, yakashuka. Wanyama wakanywa kwa zamu, hakuna aliyesukumana. Wakaanza kutafuta mfalme mwingine. Vikuku hawakuvivua.

Walinzi wa Bonde la Utulivu nao walikuwa wamekwenda kunywa, wakaacha lango wazi. Bi Pimbi aliingia, akamkuta Siwatu amekaa na wenzake kivulini, manyoya yamechanwa vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema Siwatu. "Umekonda."

Bi Pimbi alimrudisha nyumbani, akang'oa ua, akasuuza kibuyu mara tatu, akakijaza kijitoni. Akamwongoza binti yake hadi jiweni. Siwatu alipanda kwa sababu aliambiwa apande. Bi Pimbi akakaa chini, kibuyu mapajani.

"Nifokee, mwanangu. Sema yote. Ya mdogo wako, ya vibuyu, ya Mbweha. Mimi sijibu."

Siwatu alimtazama kwa wema, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea njia.

"Ya nini, mama? Mimi sijambo. Nimeshatulia." Kisha akanyoosha mkono. "Jua kali leo. Nipe hayo maji."

Bi Pimbi alikikumbatia kibuyu kifuani. "Bado. Hujasema."

"Sina la kusema, mama."

Kwa sheria, anayekaa chini haruhusiwi kuongeza neno, na Bi Pimbi alikuwa mtunza sheria. Akanyamaza. Alimwacha binti yake akanywe kijitoni kama wengine, kisha akarudi kukaa.

Wanakwenda kila siku. Asubuhi Bi Pimbi anajaza kibuyu, Siwatu anapanda, anakaa juu ya jiwe mikono mapajani, akitazama mbali. Jioni Bi Pimbi anakirudisha kibuyu nyumbani, na maji yake yote.