Wiki Kumi na Moja Bila Safari

Mashine ya boti iliwaka alipovuta kamba mara ya kwanza tu. Miraji alikuwa ameomba moyoni igome, walau mara mbili tatu, isionekane ina haraka ya kuondoka. Lakini kwa wiki kumi na moja alikuwa akiisafisha plagi kila Ijumaa, akiifuta chumvi na kuifunika turubai, na mashine iliyotunzwa hivyo haina sababu ya kugoma. Ikanguruma, ikatoa moshi wake wa buluu, na Bwana Mipango wa halmashauri, aliyesimama ukingoni na mkoba wake akaonekana kuridhika.

"Umeitunza kweli, mzee wangu," alisema.

"Ndiyo kazi niliyopewa," Miraji akajibu, akaizima.

Boti ile ya uokoaji ilifika Nyamtimba mwaka wa mafuriko ya Elinino, pale mto ulipovimba ukaingia hadi vitandani mwa watu. Wafadhili waliinunua, halmashauri ikaahidi mafuta, na Miraji, ambaye maisha yake yote alikuwa mkata boriti mikokoni, akapewa koti la kuelea la rangi ya chungwa na daftari moja kubwa. Maagizo yalikuwa mepesi: kila mashine inapowashwa, andika tarehe, saa na jina la mgonjwa. Mwaka wa kwanza alijaza kurasa. Mwaka wa pili ukaletwa wimbo mpya, kwamba serikali haiwezi tena kubeba kila kitu, zama zimebadilika, wananchi wachangie. Dumu la mafuta likawa linakuja linapojisikia. Mwisho halikuja kabisa.

Maradhi hayakusubiri dumu. Miraji akarudia mtumbwi wake na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo kwa kuuchoma chini topeni, na kwa wiki hizo kumi na moja akapeleka wagonjwa saba hadi kule gari linakofika, wakapokewa na kukimbizwa hospitali ya Mchukwi. Mmoja alikuwa ameumwa na nyoka. Mwingine alikuwa mtoto wa jirani aliyewaka homa hadi akageuza macho. Wote saba walifika hai. Wala hakuandika hata mmoja. Daftari lilikuwa la mashine, na mashine haikuwashwa. Kuandika safari ambayo mashine haikwenda, kwake yeye, ulikuwa uongo, tena uongo wa maandishi, na Miraji hakulelewa hivyo.

Daftari lilipoitwa mjini kukaguliwa, halmashauri wakakuta kurasa nyeupe.

Asubuhi hiyo, kwenye mkutano wa kijiji, Bwana Mipango alilisoma mbele ya watu. Jina lake Fabiani, kijana wa bara, mpole, asiyepandisha sauti. Alieleza kwamba fungu la uokoaji ni dogo, kata zinazoliomba ni nyingi, na chombo kilichokaa wiki kumi na moja bila safari hakiwezi kuombewa mafuta. Boti ingehamishwa. Miraji akasimama, mikono nyuma, akawataja wale saba kwa majina yao.

"Wako wapi humu, mzee wangu?" Fabiani akamuuliza, akamgeuzia daftari. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kweli kuonyeshwa.

Watu wawili watatu wakacheka. Miraji akakaa. Baadaye, karatasi ya makabidhiano ilipoletwa, akatia sahihi nakala zote tatu, herufi moja moja, kama alivyofundishwa katika kisomo cha watu wazima.

Sasa wageni wa halmashauri walikuwa wamepanda juu kwa mwenyekiti kula wali na kamba. Tangi la boti lilikuwa limejaa pomoni, maana walileta mafuta yao ya kuondokea. Miraji alibaki peke yake akiiosha, akikwangua tope kwenye mbao za chini, kwa kuwa hakuona ustaarabu kukabidhi kitu kichafu. Hapo ndipo Sijaona, mkunga wa kijiji, alipoteremka akitembea upesi, kanga ameifunga kiunoni.

Alikuwa ametoka nyumbani kwa Miraji. Muzdalifa, binti wa pekee wa Miraji, alikuwa amekuja kutoka Bungu alikoolewa, ajifungulie mimba ya kwanza kwa mama yake kama ilivyo ada. Uchungu ulianza alfajiri, na Miraji alipokwenda mkutanoni aliambiwa mambo yanakwenda vizuri.

"Mkono wa mtoto umetangulia," Sijaona alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hapa nimefika mwisho. Apelekwe hospitali."

Miraji akaacha kukwangua. Sijaona akaitazama boti.

"Na chombo si hiki hapa?"

"Si changu tena. Nimeshatia sahihi."

"Basi panda ukawaombe."

Aliitazama njia ya kupandia kwa mwenyekiti. Haikuwa ndefu. Alijiona akifika pale mlangoni, wageni mikono iko kwenye sahani, yeye akisema kuna mgonjwa. Asubuhi kawaambia kuna wagonjwa, watu wakacheka. Mchana awaletee mgonjwa, tena mwanawe mwenyewe? Wangeona mzee huyu kabuni jambo la kuzuilia boti. Aibu ikamzuia, na aibu ya mtu mkweli ni mbaya, maana hajaizoea. Akatazama maji. Yalikuwa yanajaa, yanakwenda bara, yangemsukuma. Na saba walikuwa wamefika.

"Mleteni kwenye mtumbwi," akasema.

Walimleta Muzdalifa amelala juu ya mkeka, wanawake wanne wameshika pembe. Mtumbwi ulikuwa wa watu watatu, kwa hiyo Mwanabaraka, mama yake, alibaki ukingoni. Alimshika bintiye mguu hadi mtumbwi ukaondoka, kidole cha mwisho kikateleza. Waliokuwepo wakaiona ile boti imetulia na tangi lake limejaa, wakamwona mzee akiinama kwenye pondo. Kila mmoja akaamini kwamba Miraji ameomba akanyimwa. Hakuna aliyepanda kuuliza.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Maji yalisukuma, pondo liligusa chini na kung'oka bila taabu, na Miraji akawa anahesabu kona za mto kimoyomoyo. Sijaona alikuwa amekipakata kichwa cha Muzdalifa, akimpangusa uso.

"Baba, umechoka?" Muzdalifa aliuliza mara moja.

"Sijachoka, mama. Wewe pumua tu."

Kisha maji yakasimama. Miraji aliyajua kabla ya macho kuyaona, kwa vile mtumbwi ulivyokuwa mzito ghafla. Makapi yakaelea palepale kwa kitambo, halafu yakaanza kurudi baharini. Sasa kila alichokisukuma kwa mikono yake mto ulimnyang'anya nusu. Akavua shati. Akasukuma hadi ngozi ya viganja ikachubuka na pondo likaanza kuteleza kwa damu, akapaka tope, akaendelea. Hakuwahi kumpenda mtu duniani kama alivyompenda yule aliyelala miguuni pake, na hakuwa na kitu cha kumpa ila mabega mawili ya mzee.

Hakusikia Muzdalifa alipoacha kuguna. Alichosikia ni Sijaona akianza shahada taratibu, kwenye sikio la mgonjwa, akiirudia, kisha akinyamaza. Miraji akasukuma tena mara tatu, nne. Sijaona akamshika kifundo cha mguu.

"Acha, Miraji," alisema. "Tumemkosa. Wote wawili."

Mtumbwi ukaanza kurudi wenyewe na maji.

Walikuwa hawajarudi kona hata moja waliposikia mashine. Boti ilikuja kwa kasi, Dulla, dereva wa halmashauri, akiwa nyuma, na Fabiani amesimama mbele bila viatu, suruali imelowa. Alikuwa ameteremka baada ya chakula, akawaamkia watu ukingoni, hakuna aliyemwitikia. Akauliza. Ndipo mwanamke mmoja alipomwambia kwa hasira kwamba amemnyima mzee boti na mwanawe anakufa.

Alipoona kanga imemfunika Muzdalifa hadi usoni, Fabiani akakaa chini kwenye mbao zilizokuwa zimeoshwa.

"Tangi lilikuwa limejaa," alisema. "Mzee wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani hutaniamini."

Fabiani akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakitikisika, na Miraji akamwonea huruma, akasogeza macho pembeni ili kijana alie bila kutazamwa.

Dulla akafunga kamba, akauvuta mtumbwi kurudi nyumbani. Miraji alikaa kwa mara ya kwanza tangu mchana, mkono juu ya mkeka. Mikoko ilipita mbio. Kona alizozihesabu moja moja zilikuwa zinakuja na kuondoka kabla hajazitaja, na akaona jinsi njia ilivyokuwa fupi. Laiti asingeiona. Kilichobaki ndani yake kikavunjika hapo, akalia kwa sauti, wala kelele za mashine hazikumficha.

Ilipobaki kona moja kufika Nyamtimba, akainua mkono.

"Izime," alimwambia Dulla.

Fabiani akageuka, hakuelewa.

"Mama yake aliiona ikitufuata," Miraji alisema. "Akiisikia inarudi, atadhani imetuwahi, mwanawe yu hai."

Dulla akaizima. Kimya kikashuka juu ya maji, kikubwa, na vyombo viwili vikaachwa vipelekwe na mto. Walipozunguka kona wakamwona Mwanabaraka peke yake mbele ya watu, amesimama majini hadi magotini, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.