Kobe Waliomwagwa Kisaju

Immaculate aliporudi kutoka shule anayofundisha Jumamosi ile, alikuta tangi limepinduliwa nyuma ya nyumba, limesuguliwa likang'aa. Jiwe ambalo kobe wake walipenda kupanda wakaota jua lilikuwa limetupwa kando ya ukuta. Kobe hawakuwepo.

Aliingia ndani bila kuvua viatu. Mumewe, Okoth, alikuwa kwenye kochi akitazama mpira.

“Okoth, kobe wako wapi?”

“Nimewaachilia.” Hakuondoa macho kwenye televisheni. “Nimewapeleka kwa bwawa moja huko Kisaju. Si ni wanyama wa maji? Sasa wako na maji. Hata wamefurahi.”

“Walikuambia wamefurahi?”

Hapo Okoth akageuka. “Imma, mama anakuja Jumanne. Unajua vile anasema juu ya hao kobe.”

Alijua sana. Mama mkwe alikuwa amesema kwenye simu, tena Okoth akiwa ameiweka sauti ya juu, kwamba mwanamke akifuga viumbe baridi nyumbani, tumbo lake nalo hupoa likafunga. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayetoa dawa. Okoth alicheka kidogo, akabadilisha mazungumzo. Kumbe neno lilikuwa limemwingia.

Na aliyewaleta kobe hao alikuwa Okoth mwenyewe. Miaka michache nyuma, mtoto wao alizaliwa kabla ya wakati na hakulia. Walimzika, wakarudi Kitengela, na Okoth akakosa la kumwambia mkewe. Jioni moja akaja na ndoo. Ndani mlikuwa na kobe wawili wa maji, wadogo kama biskuti, kijani kibichi, kila mmoja na mstari mwekundu nyuma ya jicho. Muuzaji wa Nairobi alikuwa amemhakikishia kwamba hawakui zaidi ya hapo, wanakaa kwa beseni na wanakula mkate.

“Nimezika mtoto, wewe unaniletea kobe?” Immaculate alimuuliza. Nusura ampige na ile ndoo.

Aliwapa maji na mkate kwa hasira, asubuhi kwa asubuhi, kwa sababu Okoth hakuwapa. Kisha yule mdogo akavimba macho mpaka yakaziba, gamba lake likawa linabonyea kama ganda la chungwa. Immaculate alimfunga kwa kitambaa chenye unyevu akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamwambia kwamba yote ya muuzaji yalikuwa uongo. Kobe hawa wanataka jua la kweli, maji ya kina ya kuogelea, mahali pakavu pa kupanda, na chakula chenye mifupa na majani. Watakua kama sahani. “Na wasiwahi kuachiliwa kwa bwawa lolote,” alimalizia. “Si wa huku. Watakula kila kitu, au watakufa, au watawapelekea kobe wa huku ugonjwa.”

Ndivyo lilivyopatikana tangi la plastiki lililokatwa nusu. Maji ya kisima cha Kitengela yana chumvi, kwa hiyo alikinga ya mvua, na yaliyochafuka aliyamwagia sukuma wiki. Aliwalisha omena na majani. Yule mkubwa akamwita Bosi, na yule mgonjwa Sista. Siku Sista alipofungua macho, Immaculate alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Okoth hayo yote aliyaona. Alikuwa amekaa kwenye kochi hilohilo.

“Chukua funguo ya gari,” Immaculate alisema.

“Mpira unaisha saa hii tu—”

Immaculate alichomoa waya wa televisheni ukutani.

Okoth aliendesha. Mapajani Immaculate alikuwa amebeba kopo la omena, akilibana kwa mikono miwili. Walipopita soko la Kisaju na kuingia barabara ya vumbi, walisikia mbuzi kabla ya kuwaona, kundi zima likilia kwa sauti za kukauka. Walikuwa wamefungiwa ndani ya boma la miiba, na mbele yao, umbali mfupi tu, kulikuwa na silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, lililojaa maji.

Mzee mmoja alikuja mbio na rungu mkononi. Alimpita Immaculate, akasimama mbele ya Okoth.

“Ni wewe! Shati ni hiyo hiyo. Ulimwaga nini kwa maji yangu?”

“Mzee, sopa—”

“Usiniambie sopa! Asubuhi hukusalimia mtu. Ulimwaga kitu na ndoo, ukakimbia kama mwizi. Mbuzi yangu haijakunywa tangu hiyo saa. Nilijua ni sumu!”

Immaculate ndiye aliyejibu.

“Baba, shikamoo. Mimi ni mke wake. Si sumu. Alimwaga kobe wangu wawili.”

Mzee, ambaye jina lake lilikuwa Parmuat, aliwatazama kwa zamu. “Kobe.”

“Ndiyo, baba. Wa kufugwa. Mbuzi wanaweza kunywa, hawatadhurika.”

Parmuat alivuta pumzi ndefu. Alienda akaliondoa tawi la miiba mlangoni mwa boma, na mbuzi wakamiminika kuelekea majini, wakikanyagana. Alisimama akiwaangalia wanavyokunywa, na mabega yake yakashuka. Kisha akamrudia Okoth, na sasa sauti ilikuwa ya chini, mbaya zaidi.

“Nimeskia mbuzi ikilia siku mzima, maji iko hapo, na mimi ndiye naizuia. Sababu wewe ulishindwa kuuliza mwenyewe. Ingia. Toa vitu yako.”

Okoth aliingia na suruali yake ya kazini. Tope lilimshika magoti, halafu kiuno. Upande wa pili, mbali na mbuzi, Immaculate alichutama akaligonga kopo kwa kucha, kama alivyofanya kila asubuhi. Akangoja. Akagonga tena. Kichwa kimoja kikachomoza karibu na nyasi, kikazama, kikachomoza karibu zaidi.

“Bosi,” aliita. “Kuja. Kuja, mama.”

Okoth alimrukia, akaanguka kifudifudi, akainuka na kobe mikononi, kobe akipiga miguu hewani. Sista hakutokea. Immaculate aligonga kopo mpaka kucha zikaanza kumuuma.

“Imma, jua linazama,” Okoth alisema. “Angalau tumepata mmoja. Pengine hata ni vizuri. Pengine mama hajakosea kabisa, tujaribu tu bila—”

“Wewe!” Immaculate alisimama. Mbuzi waliokuwa ng'ambo wakaruka nyuma. “Mimi nimepimwa mara tatu. Tatu, Okoth! Nimelala kwa vile vitanda peke yangu. Daktari amekuita mwaka jana, akakuita mwaka huu. Wewe umepimwa lini? Ukaona rahisi ni kutupa kobe! Mgonjwa niliyemwokoa kwa mikono yangu, umemtupa ndio usiingie hospitali!”

Okoth alibaki majini. Tope lilikuwa likimtiririka usoni na hakulipangusa.

“Naogopa,” alisema.

“Hata mimi niliogopa! Nilienda!”

Parmuat alikuwa ametazama pembeni, akijifanya anahesabu mbuzi. Alikohoa. “Dada, acha namba. Nikiona huyo mwingine, sitamgonga. Nitamfunika na karai, nikupigie.”

Hakupiga. Juma lililofuata Immaculate alikwenda Kisaju mwenyewe, na juma lililofuata tena, akagonga kopo mpaka mbuzi wa Parmuat wakamzoea. Sista hakuonekana, hai wala amekufa.

Bosi alikataa chakula kwa siku kadhaa, kisha akaanza kula kidogo kidogo. Mama mkwe alikuwa amekuja Jumanne ileile, akalikuta tangi limerudishwa mahali pake. Alipoanza kulizungumzia, Okoth akasema, “Mama, hao kobe nilileta mimi. Na shida pengine ni yangu. Naenda kupimwa.”

Okoth alikwenda kweli, hospitali moja mjini Kajiado. Immaculate alimsindikiza. Waliketi kwenye benchi la ukumbini, Okoth akivunja vidole vyake kimoja kimoja, kisha akaunyoosha mkono kuutafuta wa mkewe.

Immaculate aliuhamisha wake, akaushikilia mkoba.

“Bado,” alisema. “Lakini nitangoja hapa.”

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita jina lake. Okoth akainuka, akaingia.